Potopoto Iliyogeuka Bustani

Watu wanaokuja kuchunga wagonjwa wao hospitalini wanatuuliza mara nyingi: "Kwa nini ninyi mnaacha nafasi kubwa hivi ya miti na majani? Mngeweza kujenga nyumba nyingi hapa." Swali hilo si la bure. Katika miji yetu, Bukavu na Goma, Kisangani na Lubumbashi, kila mahali penye nafasi panakatwa parseli. Watoto wanacheza mpira njiani katikati ya pikipiki. Mama akitaka kupumzika kidogo chini ya mti, mti hauko tena.

Basi, tumeona vema kuwaeleza habari ya mji mmoja wa Uingereza ambao watu wake walijiuliza swali hili hili mbele yetu. Mji huo unaitwa Birkenhead. Si habari ya watu wasiokosea. Walikosea sana, na makosa yao yatatufundisha sawasawa na kazi yao njema.

Birkenhead iko kando ya mto Mersey, ng'ambo ya mji mkubwa wa Liverpool. Mwaka 1801 ilikuwa kijiji cha watu 110 tu. Kisha mashua za moshi zilianza kuvusha watu mtoni, na mwaka 1824 mtu mmoja, William Laird, akaanza kazi ya chuma pale, na wana wake wakawa waunzi wa meli. (Wale wanaokumbuka habari za Munganga David Livingstone watapenda kujua kwamba mashua yake ya chuma ya mto Zambezi, Ma Robert, iliundwa katika kiwanda hicho mwaka 1858. Haikuwa mashua nzuri. Ilipata kutu na kuvuja maji, na Livingstone aliinung'unikia sana.) Mwaka 1841 watu wa Birkenhead walikuwa wamezidi 8,000. Kijiji kilikuwa kimegeuka mji kwa muda wa maisha ya mtu mmoja, kama tulivyoona sisi wenyewe katika Kongo.

Wakubwa wa Birkenhead walikuwa wakitazama ng'ambo ya mto na kuogopa. Liverpool ilikuwa tajiri kwa biashara, lakini maskini wake waliishi vibaya mno. Maelfu walilala katika vyumba vilivyochimbwa chini ya nyumba, bila dirisha, na maji machafu yakiingia mlangoni wakati wa mvua. Mwaka 1842 Edwin Chadwick aliandika kitabu cha hesabu ya vifo vya Uingereza. Kwa Liverpool alionyesha kwamba watu wakubwa walikufa kwa wastani wakiwa na miaka 35, na wafanyakazi wakiwa na miaka 15. Fahamuni vizuri hesabu hii. Si kusema kwamba kila mfanyakazi alikufa akiwa kijana wa miaka 15. Ni kusema kwamba watoto wao walikufa wengi sana, na vifo vya wachanga hao vilishusha hesabu ya wote. Mama aliyezaa sita na kuzika wanne anaielewa hesabu hiyo bila kitabu.

Basi, wakubwa wa Birkenhead walisema: Mji wetu ungali mdogo. Tuweke mahali pa watu kupumzika mbele nyumba hazijajaza kila kitu. Mwaka 1843 walipata ruhusa ya bunge la Uingereza kununua shamba kwa mali ya mji. Hilo lilikuwa jambo jipya. Bustani kubwa zilikuwako tangu zamani, lakini zilikuwa za mfalme au za matajiri, na maskini aliingia kwa kuruhusiwa tu. Hii ilinunuliwa kwa mali ya watu wote, na sheria iliagiza kwamba sehemu yake kubwa iwe wazi kwa watu wote bila malipo siku zote.

Je, walinunua shamba zuri? Hapana. Walinunua potopoto. Ilikuwa nchi ya chini, yenye maji yaliyotuama, isiyofaa kulimwa. Ndiyo sababu iliwezekana kuipata. Kazi ya kuitengeneza alipewa Joseph Paxton, mtoto wa mkulima, aliyeanza maisha yake kama kijana wa bustani. Yeye aliona kwamba kazi ya kwanza si kupanda maua, bali kuondoa maji. Watu wengi waliletwa na majembe na mikokoteni. Walichimba mifereji chini ya udongo ili nchi yote ikauke. Pale palipokuwa chini kabisa walichimba maziwa mawili, maji yote yakaenda kukusanyika huko. Udongo uliotoka katika maziwa hawakuutupa. Waliufanya vilima vidogo, wakapanda miti juu yake. Leo mgeni akitembea pale hudhani vilima vile viliumbwa na Mungu tangu mwanzo. Viliumbwa kwa jembe.

Tena Paxton aliweka njia za magari ya farasi upande mmoja, na njia za miguu upande mwingine, ili mama na mtoto wasigongwe. Sisi wa hospitali tunaopokea watu waliovunjwa miguu na pikipiki kila juma tunamsifu kwa hekima hiyo. Edward Kemp aliwekwa kuwa msimamizi wa kazi. Alikaa katika mji ule hata kufa kwake mwaka 1891. Bustani isiyo na msimamizi hurudi msituni upesi, na jina hilo ni haki likumbukwe pamoja na la Paxton. Habari za madaraja na nyumba ya mashua na lango kubwa tunaziacha; ni mazuri kwa macho.

Bustani ilifunguliwa tarehe 5 Aprili 1847.

Sasa tuje kwenye kosa lao. Kwa nini walidhani bustani italeta afya? Waganga wengi wa siku zile waliamini kwamba kolera na homa hutoka katika harufu mbaya. Walisema hewa ya potopoto na takataka inaingia kifuani na kumwua mtu. Kwa hiyo mji unahitaji mahali pa hewa safi, kama vile mtu anavyohitaji mapafu. Mawazo hayo hayakuwa ya kweli. Miaka miwili tu baada ya bustani kufunguliwa, mwaka 1849, kolera iliingia Liverpool na kuua watu zaidi ya 5,000. Hewa ya bustani haikuizuia ng'ambo ya pili, wala isingeweza kuizuia mahali po pote. Kolera haipiti hewani. Inaingia kinywani, pamoja na maji na chakula vilivyochafuliwa na mavi ya mgonjwa. Munganga John Snow alionyesha jambo hilo London mwaka 1854, alipofuata vifo nyumba kwa nyumba na kuona kwamba vinazunguka pampu moja ya maji. Wengi hawakumsadiki. Ilipasa kungoja mpaka miaka ya 1883 na 1884, Robert Koch alipomwonyesha wazi mdudu mdogo wa kolera.

Ni kitu gani basi kilichosaidia Liverpool? Mwaka 1847, mwaka ule ule wa bustani, mji uliweka Munganga William Henry Duncan aangalie afya ya watu wote. Ndiye wa kwanza kupewa kazi hiyo katika Uingereza. Pamoja naye alikuwako James Newlands, fundi, ambaye tangu 1848 alijenga mifereji mikubwa ya kuchukua maji machafu chini ya barabara. Duncan naye aliamini habari ya hewa mbaya. Lakini alipoondoa uchafu ili aondoe harufu, aliondoa na vijidudu ambavyo hakuvijua. Mungu ana rehema: mara nyingine mtu anafanya neno jema kwa sababu isiyo sawa. Lakini ni afadhali kujua sababu ya kweli. Mtu anayeogopa harufu tu atakunywa maji yenye kolera bila hofu, maana maji hayo yanaweza kung'aa na kukosa harufu kabisa.

Hapa tunataka kumtaja mama mmoja, maana vitabu hupenda kutaja wanaume. Kitty Wilkinson alizaliwa Ireland, naye alikuwa mke wa mfanyakazi katika Liverpool. Kolera ilipokuja mwaka 1832, yeye alikuwa na chungu kikubwa cha kuchemshia maji, na majirani wake hawakuwa nacho. Akawaita walete nguo na mashuka ya wagonjwa nyumbani mwake, wakazifua kwa maji ya moto na dawa ya klorini. Hakujua kitu juu ya vijidudu. Lakini maji ya moto na klorini viliviua. Mwaka 1842 mji ulijenga nyumba ya kufulia na kuoga kwa ajili ya watu wote, na baadaye Kitty na mume wake waliwekwa kuwa wasimamizi wake. Bustani ya Birkenhead ilihitaji sheria ya bunge, na chungu cha Kitty kilihitaji moyo wake tu. Kama mngetuuliza ni kipi kiliokoa watu wengi zaidi mwaka wa kolera, tungejibu chungu.

Labda mtu atasema: Basi, kama bustani haizuii kolera, ni ya kazi gani? Tutafika huko. Kwanza tuseme habari ya nyumba zilizoizunguka, kwa maana ndipo penye mashaka makubwa.

Wakubwa wa Birkenhead walinunua hektari kama 91. Bustani ilichukua hektari kama 50. Nchi iliyobaki pembeni waliikata parseli, wakataka kuwauzia watu wenye mali, ili fedha hiyo ilipe deni la kazi yote. Walifikiri hivi: Tajiri atapenda kujenga mahali ambapo dirisha lake linatazama miti, kwa hiyo parseli itakuwa ya bei, na maskini atapata bustani bila kulipa. Ni hesabu ya akili. Lakini mwaka 1847 biashara ilianguka katika Uingereza, kazi zilisimama Birkenhead, na parseli nyingi zilikaa miaka bila mnunuzi. Polepole nyumba kubwa zilijengwa kuzunguka miti, na wafanyakazi wa meli wakakaa mbali kidogo, katika nyumba zilizobanana. Lango lilikuwa wazi kwa wote wawili. Lakini mmoja aliamka akiiona bustani, na mwingine alitembea kuifikia siku ya Jumapili tu.

Mwaka 1850 mkulima kijana wa Marekani, Frederick Law Olmsted, alishuka melini Liverpool na kuvuka mto. Mwoka mikate wa Birkenhead alimwambia asiondoke mbele ya kuitazama bustani yao mpya. Alikwenda. Alistaajabu kuona kwamba maskini kabisa ana haki ndani yake sawa na malkia, akaandika hivyo katika kitabu chake. Miaka michache baadaye yeye na Calvert Vaux walichora bustani kubwa ya New York iitwayo Central Park. Lakini mahali pale New York hapakuwa potopoto tupu. Palikuwa na kijiji, Seneca Village, na watu wake wengi walikuwa watu weusi walio huru, wenye nyumba zao, makanisa matatu na shule. Mwaka 1857 waliondolewa wote, watu kama 225, nyumba zikabomolewa. Walilipwa, na wengi walisema malipo hayakutosha. Wandugu, mtu akija kwenu na karatasi nzuri yenye picha ya bustani, ulizeni kwanza: Nani anakaa hapo sasa, naye atakwenda wapi?

Na leo, Birkenhead ikoje? Miti ni mikubwa. Katika miaka ya kwanza baada ya 2000 bustani ilitengenezwa upya kwa pauni zaidi ya milioni 11, maziwa yakasafishwa, maana maji yaliyoachwa miaka mingi yalikuwa yameharibika. Watu wanatembea, wazee wanaketi, watoto wanalisha bata. Lango halina malipo hata sasa. Lakini viwanda vingi vya meli vilipungua, kazi zikapotea, na kartie kadhaa za Birkenhead zimehesabiwa kati ya zilizo maskini zaidi katika Uingereza. Kati ya kartie hizo na vijiji vya matajiri upande wa pili wa wilaya ile, maisha ya watu yanapitana kwa miaka kama 10. Bustani moja haikuweza kuponya umaskini. Tunasema hivi ili mtu asituhesabu kuwa tunauza dawa ya magonjwa yote.

Na zaidi ya hayo, mji huu si mgeni kwetu kama mnavyodhani. Kilometa chache kutoka bustani hiyo, mwaka 1888, William Lever alianza kiwanda cha sabuni na kijiji kizuri cha wafanyakazi wake, chenye bustani mbele ya kila nyumba. Tangu 1911 mafuta ya sabuni yalitoka pia katika mawese ya Kongo, upande wa Kwilu, na wakataji wa ngazi wengi walilazimishwa kazi ile. Wao hawakupewa bustani.

Tena, katika Higher Bebington, karibu na hapo, alizaliwa Joseph Everett Dutton mwaka 1874. Alisoma uganga Liverpool. Mwaka 1903 alitumwa Kongo pamoja na wenzake kutafuta habari za ugonjwa wa usingizi. Yeye na Munganga Todd walipanda mto mpaka Kisangani, wakashika pia kazi juu ya homa ya kimputu. Walionyesha kwamba kimputu, yule kupe wa sakafu ya udongo, ndiye anayemtilia mtu vijidudu vya homa hiyo, na hata watoto wa kimputu wanazaliwa navyo. Katika kazi hiyo wote wawili walishikwa na homa. Todd alipona. Dutton alikufa Kasongo, katika Maniema, tarehe 27 Februari 1905, akiwa na miaka 30. Vijidudu hivyo vinaitwa kwa jina lake mpaka leo. Wazee wa Kasongo wanaosoma kitabu hiki wajue kwamba katika nchi yao alikufia kijana aliyetoka katika vitongoji vya bustani tunayoieleza.

Sasa turudi kwetu. Tunaweza kujifunza nini kwa potopoto ile?

Kwanza, maji. Mbu wa malaria hapa kwetu hapendi ziwa kubwa lenye samaki. Anapenda vidimbwi vidogo vinavyopigwa na jua: shimo la matofali, alama ya gurudumu, maji yanayomwagika chini ya bomba. Zamani tulifundisha watu kwamba wakikata majani yote kuzunguka nyumba malaria itakwisha. Tulizidisha. Kukata majani kunafukuza nyoka, lakini mbu wa malaria hazaliwi katika majani makavu. Jembe lako lifukie vidimbwi kwanza. Nanyi mlale ndani ya neti kila usiku, hata wakati wa ukame.

Pili, kolera ingali kwetu. Hatujasahau Goma mwaka 1994, wakimbizi walipokufa kwa maelfu. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe klorini. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na mbele ya chakula. Mtu akianza kuharisha maji maji, msingoje. Mchanganyie lita 1 ya maji safi na sukari vijiko vidogo 6 na chumvi nusu ya kijiko kidogo, vijiko visizidi kujaa, anywe kidogo kidogo njiani mkimleta hospitalini.

Tatu, kwa habari ya nafasi yenyewe. Wakati wa babu zetu watu walitembea mbali kwenda shambani na mtoni, na hakuna aliyehitaji kuambiwa atembeze mwili wake. Leo mjini mtu anapanda pikipiki hata sokoni. Kwa hiyo tunaona wagonjwa wengi wa tansio, ni kusema damu inayosukuma kwa nguvu mno, na wa ugonjwa wa sukari. Dawa tunawapa, na wasiziache. Lakini tunawaambia pia: Tembea nusu saa kila siku kwa hatua za haraka. Nao wanatujibu: "Munganga, nitatembea wapi?" Jibu hilo linatuumiza, maana ni la kweli. Nabii Zekaria alipoonyeshwa Yerusalemu iliyoponywa, aliona wazee wameketi na fimbo zao mkononi, na watoto wakicheza njiani. Mahali penye nafasi ya mzee na ya mtoto pamoja, hapo ndipo tunapotafuta.

Katika kartie nyingi mahali pamoja tu pamebaki: uwanja wa kanisa au wa shule. Na sasa wajumbe wa makanisa wanashawishiwa kuukata na kuuuza, ili wapate fedha ya mabati. Hatuwakatazi, mabati ni lazima. Lakini mbele ya kutia sahihi, wajumbe wakae uwanjani saa moja jioni mmoja, wahesabu watoto wanaocheza pale. Kisha waangalie maji ya mvua yanaelekea wapi. Kule Bukavu watu wamejua kwa uchungu kwamba kilima kilichovuliwa miti na kujazwa nyumba kinateremka na watu wake usiku wa mvua.

Wale wanaotaka kuanza, waanze na mfereji. Wauchimbe mbele ya masika, toka bombani mpaka mahali pa chini. Udongo wake wautumie kuinua mahali pa kuketi, wapande miti miwili au mitatu ya kivuli. Choo kiwe mbali na kisima hatua 40 au zaidi, upande wa chini. Na wamchague mtu mmoja, kama Kemp, wamlipe hata kidogo, awe na funguo za ghala la majembe.